Kwa nini nambari za kurasa huwatoa jasho waandishi wa tasnifu

MWANAFUNZI wa shahada ya uzamili anaweza kukusanya data kwa miezi mingi, akatetea matokeo yake mbele ya watahini, akafanya masahihisho yote aliyoagizwa, kisha tasnifu yake ikarudishwa kwa sababu ya tarakimu ndogo iliyokaa vibaya chini ya ukurasa.

Aghalabu kasoro yenyewe huwa ni ile ile. Kurasa za mwanzo, yaani ungamo, tabaruku, shukrani, ikisiri na yaliyomo, hutakiwa ziwe na nambari ndogo za Kirumi: ii, iii, iv na kuendelea. Sura ya kwanza nayo hutakiwa kuanza na ukurasa wa 1. Lakini mwanafunzi anapobadilisha nambari za mwanzo ziwe za Kirumi, kurasa zote za tasnifu hugeuka kuwa za Kirumi hadi marejeleo. Anapozirejesha sura kwenye tarakimu za kawaida, kurasa za mwanzo nazo hufuata mkondo huo huo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia saiba. Mhudumu akilemewa huigawa tasnifu katika faili mbili, moja ya kurasa za mwanzo na nyingine ya sura. Hila hiyo hufaa kwa siku moja tu. Msimamizi akiagiza aya mbili ziongezwe katika sura ya pili, orodha ya yaliyomo, ambayo imo katika faili ya kwanza, haiwezi kujua kwamba vichwa vilivyo katika faili ya pili vimesogea. Mwanafunzi hana budi kuisahihisha kwa mkono, mstari baada ya mstari. Akikosea, hugharimia upya uchapishaji na ujalidi wa nakala zote.

Ilhali dawa ya tatizo hili imo ndani ya programu yenyewe ya kuandikia, na haihitaji ujuzi wa mhandisi. Kinachohitajika ni kufahamu jambo moja ambalo mafunzo mengi ya kompyuta hulipitia juu juu: maandishi yaliyo chini ya ukurasa si mali ya ukurasa huo. Ni mali ya sehemu.

Eneo hilo la chini, ambamo huwekwa nambari, tarehe, jina la sura au jina la shirika, wataalamu wa Kiswahili cha tarakilishi huliita kijachini. Mwenzake wa juu ni kijajuu. Yote yasemwayo hapa kuhusu kijachini yanakihusu kijajuu pia.

Desturi ya kutumia nambari za aina mbili si ukaidi wa wakuu wa vyuo. Ilirithiwa kutoka kwa wachapishaji wa vitabu wa Ulaya. Enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, matini ya kitabu ilipangwa na kupigwa chapa kwanza, ndipo dibaji, tabaruku na yaliyomo vikafuata. Yaliyomo hayangeweza kuandikwa kabla ya kurasa za kitabu kujulikana, na hakuna aliyejua mapema dibaji ingekuwa ndefu kiasi gani. Kwa kuzipa kurasa hizo hesabu yake zenyewe, mchapishaji aliweza kuziongeza au kuzipunguza bila kugusa hata tarakimu moja ya kitabu kilichokwisha kupangwa.

Zama za taipureta jambo hili halikuwa na ugumu wowote. Kila karatasi ilisimama peke yake, na mpiga taipu aliigonga nambari aliyoitaka. Kompyuta haiutazami ukurasa kwa jicho hilo. Katika Microsoft Word, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1983 na ambayo imezoeleka mno maofisini na vyuoni, ukurasa ni kitu kisicho na makao. Mtu akiongeza sentensi tatu katika ukurasa wa 10, maneno yaliyokuwa mwishoni mwa ukurasa huo huhamia ukurasa wa 11. Kwa kuwa kurasa hubadilika kila mara, programu haiwezi kuzitegemea kuhifadhi maagizo ya mwandishi. Badala yake huyahifadhi kwa sehemu.

Sehemu, kwa maana hii, ni fungu la waraka lenye maagizo yake kuhusu ukubwa wa karatasi, pambizo, mkao wa ukurasa, safu, vijajuu, vijachini na mtindo wa nambari. Waraka mpya huwa na sehemu moja tu, hata ukiwa na kurasa 300. Hali hiyo ni mithili ya jengo la kupangisha lenye mita moja ya stima: mpangaji mmoja hawezi kukatiwa bila wenzake kubaki gizani. Anayetaka kurasa za mwanzo zifuate sheria yake na sura zifuate nyingine lazima kwanza aweke mita ya pili.

Mpaka kwanza

Kazi huanzia pale ambapo badiliko linatakiwa. Katika tasnifu, kishale huwekwa mwanzoni kabisa mwa maneno "Sura ya Kwanza", kabla ya herufi ya kwanza. Kisha hufunguliwa kichupo cha Layout kilicho kwenye utepe wa juu. Katika matoleo ya 2007, 2010 na 2013 kichupo hicho kiliitwa Page Layout. Humo mna kitufe cha Breaks, na chini ya kichwa cha Section Breaks huchaguliwa Next Page. Sura hurukia ukurasa mpya na waraka hugawanyika kuwa sehemu mbili.

Tahadhari inahitajika hapa, maana menyu hiyo hiyo ina chaguo la kwanza liitwalo Page. Hilo husukuma maneno hadi ukurasa unaofuata bila kuunda sehemu mpya, sawa na kubonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Kwa macho, matokeo ya machaguo hayo mawili hayatofautiani hata chembe, na hapo ndipo wengi hupotezea jioni nzima wakishangaa kwa nini nambari hazitii amri. Wanaobonyeza Enter mara 20 hadi ukurasa uishe ndio walio mbali zaidi na ufumbuzi, kwani maneno yao hutawanyika mara tu mstari mmoja unapoongezwa juu.

Njia ya kuhakikisha ni kubonyeza kitufe chenye alama ya ¶ katika kichupo cha Home. Alama zilizofichika hujitokeza. Mpaka wa sehemu huonekana kama mistari miwili ya nukta yenye maneno Section Break katikati, ilhali kikomo cha ukurasa huonyeshwa kwa mstari mmoja wa nukta. Yeyote anayefanya kazi hii angefaidika kuiacha alama hiyo ikiwa imewashwa hadi amalize, hata kama skrini itaonekana kuchafuka.

Kiungo cha nyuma

Mpaka ukishawekwa, wengi hudhani kazi imekwisha. Wanakwenda chini ya ukurasa wa kwanza wa sura, wanabadilisha kijachini, kisha wanagundua kwamba kile cha ungamo nacho kimebadilika. Si hitilafu. Programu imeundwa hivyo makusudi: sehemu mpya inapozaliwa, kijachini chake hufungwa kwenye kile cha sehemu iliyotangulia, kwa dhana kwamba waandishi wengi hutaka nyaraka zao zifanane kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Dalili ya kifungo hicho huonekana pale mtu anapobonyeza mara mbili kwa haraka kwa kipanya katika pambizo ya chini. Upande mmoja wa eneo la kijachini huandikwa nambari ya sehemu, na upande wa pili hutokea maneno Same as Previous, kumaanisha kwamba kilichomo ni sawa na cha sehemu iliyotangulia. Wakati huo huo, kwenye utepe, kitufe cha Link to Previous huwa kimekolezwa rangi. Kukibonyeza mara moja hukata kiungo, na yale maneno hutoweka.

Baada ya kukata, maandishi ya zamani hubaki palepale. Wengi hudhani hakuna kilichotendeka na kubonyeza tena, na hivyo kukirejesha kiungo walichokwisha kukikata. Kilichobaki pale ni nakala tu, ambayo sasa yaweza kufutwa au kubadilishwa bila sehemu ya kwanza kuguswa.

Mnyororo huu hutazama nyuma daima. Sehemu ya pili humwiga mtangulizi wake, ya tatu humwiga wa pili, na kuendelea. Sehemu ya kwanza haina wa kuiga, na ndiyo maana kitufe chake huwa kimefifia na hakibonyezeki. Kwa hivyo, ili kutenganisha kurasa za mwanzo na sura, kiungo hukatwa katika sehemu ya pili. Anayekitafuta katika ya kwanza hatakipata.

Suala hilo lina upande mwingine ambao huwanasa hata makatibu wenye uzoefu. Tuseme ripoti ina sehemu tatu na ni ya katikati tu inayohitaji kijachini tofauti. Akikatwa uhusiano wa sehemu ya pili na ya kwanza pekee, mabadiliko ya sehemu ya pili hutiririka hadi ya tatu, ambayo bado inamwiga jirani yake. Vivyo hivyo, anayeandika katika kijachini cha sehemu ya tatu hukibadilisha cha pili bila kujua. Njia salama ni kukata viungo vyote viwili kwanza, wa pili na wa tatu, kisha ndipo maandishi yabadilishwe. Mwenye kuandika kabla ya kukata hulazimika kurudia kazi.

Isitoshe, kijajuu na kijachini vina viungo mbalimbali. Kukata cha chini hakukati cha juu. Na pale ambapo ukurasa wa kwanza wa sehemu umepewa kijachini chake maalumu, au kurasa za shufwa na za witiri zimetenganishwa kama vitabuni, kila aina ina kiungo chake na hukaguliwa peke yake.

Nambari zenyewe

Kuhusu mtindo wa nambari, kuna jambo ambalo miongozo mingi hulisahau. Mtindo huo na nambari ya kuanzia ni maagizo ya sehemu yenyewe. Havimo katika kijachini. Alama inayotoa nambari chini ya ukurasa ni kama kioo: huonyesha hesabu ya sehemu ilimo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ambaye kijachini chake hakina chochote ila nambari iliyowekwa katikati hahitaji hata kukata kiungo. Akishaweka mpaka, anachohitaji ni kuingia katika kurasa za mwanzo, kubonyeza Page Number kisha Format Page Numbers, na kuchagua i, ii, iii. Halafu ahamie sura ya kwanza, afungue kisanduku hicho hicho, achague 1, 2, 3 na kuandika 1 katika nafasi ya Start at.

Kiungo huwa na maana pale ambapo maandishi au mahali pa nambari hutofautiana, mathalan kurasa za mwanzo ziwe na nambari katikati na sura ziwe nazo upande wa kulia, au viambatisho viwe na maelezo yake.

Jalada la ndani, lenye jina la mtafiti na mada ya utafiti, aghalabu huhesabiwa lakini halionyeshi nambari. Hilo halihitaji sehemu mpya. Alama ya tiki katika Different First Page hulificha i na kuacha ungamo lianze na ii. Vyuo hutofautiana katika maelezo madogo kama hayo, na mwongozo wa shule ya uzamili ya chuo husika ndio wenye neno la mwisho.

Wapo pia wanaotaka jina la kila sura litokee chini ya kurasa zake, nao huunda sehemu sita au saba kwa ajili hiyo. Ni kujitwika mzigo bure. Programu ina msimbo uitwao StyleRef ambao husoma kichwa cha sura na kukinakili chini ya ukurasa, almuradi vichwa viwe vimewekewa mtindo wa Heading 1. Sura ikibadilishwa jina, kijachini hufuata chenyewe. Kadiri sehemu zinavyokuwa chache ndivyo viungo vya kukagua vinavyopungua.

Mpaka ukifutwa

Hatari kubwa zaidi hujificha katika kitendo kidogo: kufuta mpaka. Mtu anaposafisha nafasi tupu mwishoni mwa orodha ya yaliyomo, kidole huteleza na mpaka ukaenda nayo. Angetarajia sura zimezwe na kurasa za mwanzo. Hutokea kinyume chake. Maagizo ya sehemu huhifadhiwa katika mpaka ulio mwishoni mwake, na yale ya sehemu ya mwisho huhifadhiwa mwishoni mwa waraka. Mpaka ukifutwa, maneno yaliyokuwa juu yake hupoteza maagizo yao na kuyavaa ya sehemu iliyofuata. Ungamo, tabaruku na ikisiri hujikuta ghafla na tarakimu za kawaida na kijachini cha sura.

Kosa hilo likigunduliwa mara moja, Ctrl na Z hurejesha kila kitu. Likigunduliwa wiki moja baadaye, hakuna njia ya mkato: mpaka huwekwa upya, kiungo hukatwa upya na nambari za Kirumi huagizwa upya.

Tabia hiyo hiyo hueleza kwa nini majedwali mapana huvuruga tasnifu nyingi. Jedwali lenye safu 12 huhitaji karatasi iliyolazwa, na ukurasa mmoja wa kulaza katikati ya sura huhitaji mipaka miwili, mmoja kabla yake na mwingine baada. Sehemu huongezeka. Nambari zisipoagizwa kuendelea kutoka sehemu iliyotangulia, kwa chaguo la Continue from previous section, hesabu huweza kuanza upya katikati ya sura ya nne. Jambo la kwanza la kukagua nambari zinapoanza upya ghafla ni hilo.

Mkasa huo huwaumiza wafanyabiashara kuliko wanafunzi. Sheria ya Kenya kuhusu ununuzi wa umma na uuzaji wa mali, ya mwaka wa 2015, inataka wazabuni waweke nambari mfululizo katika kurasa za zabuni zao, na wapo waliowahi kutemwa katika mchujo wa awali kwa kukosa kutimiza hitaji hilo, kabla hata bei zao hazijatazamwa. Waraka wa zabuni kwa kawaida huunganishwa kutoka faili nyingi: vyeti, taarifa za hesabu, wasifu wa wafanyakazi. Kila faili huweza kuja na sehemu zake na hesabu yake. Hapa lengo ni kinyume cha lile la tasnifu. Mipaka yaweza kubaki, na vijachini vyaweza kutofautiana, lakini hesabu katika kila sehemu lazima iagizwe kuendelea bila kukatika kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Wanaotumia programu nyingine watapata dhana ile ile kwa sura tofauti kidogo. Hati za Google zina mipaka ya sehemu na kisanduku cha kuondoa kiungo. LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo, imefuata njia yake: kijachini huko ni mali ya mtindo wa ukurasa. Mtumiaji huunda mtindo mmoja wa kurasa za mwanzo na mwingine wa sura, kisha huweka kikomo cha mkono kinachotaja mtindo unaofuata na nambari ya kuanzia. Wengi waliozoea njia hiyo huiona kuwa safi zaidi, na wana hoja, maana hakuna mnyororo wa kukata. Ila faili ikihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, vijachini vyote vikaguliwe upya kabla ya kuchapishwa.

Mara nambari zinapotulia, orodha ya yaliyomo huhuishwa kwa kubonyeza ndani yake na kisha kugusa F9. Huchukua nambari kama zinavyoonekana chini ya kurasa, za Kirumi kwa za Kirumi na za kawaida kwa za kawaida, jambo ambalo faili mbili zilizotenganishwa haziwezi kulifanya.

Limebaki suala la printa. Tasnifu yenye hesabu mbili ina kurasa mbili ambazo programu huzijua kama za kwanza: jalada, ambalo ni i, na mwanzo wa sura, ambao ni 1. Mwanafunzi aliyeharibu karatasi moja tu na anayeandika 1 katika kisanduku cha kurasa za kuchapishwa anaweza kupewa asiyoikusudia, naye alipie. Word hukubali ukurasa utajwe pamoja na sehemu yake, kwa herufi p na s. Ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili huandikwa p1s2, na kurasa za tatu hadi za tano za sehemu hiyo huandikwa p3s2-p5s2, bila nafasi kati ya herufi na tarakimu.